Tope kwenye Maji ya Dobi

"Mimi sisemi kwa ubaya, wifi, nasema kwa mashuka," alisema dobi. Alikuwa amelishika shuka lenyewe kwa mikono miwili, kalitandaza mbele yake kama pazia, kwa hiyo sauti ilitoka bila uso. "Liangalie. Weupe wa wapi huu?"

"Nimeliona."

"Umeliona, halafu?"

"Halafu nimeliona. Unataka nilipigie makofi?"

Aliyejibu alikuwa Mama Bata, amesimama upande wa pili wa ua na bakuli la pumba mkononi. Dobi ni mke wa kaka yake, dereva wa lori anayekuja nyumbani kama mgeni, kwa hiyo wanawake hawa wawili wanaitana wifi, na siku nyingi wanaitana vizuri tu.

"Bata wako wanaingia kwenye maji yangu," dobi aliendelea. "Wanafukua, wanapiga mbizi, wanajisaidia humo humo. Mimi nafua mashuka ya gesti. Sifui magunia."

"Bata wangu wanaoga kwao."

"Wana bafu?"

"Wana karai. Na wanaoga kuliko baadhi ya watu ninaowafahamu."

Hapo ndipo sisi tuliokuwa tunapita tulipogundua kwamba hatukuwa na haraka. Mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala.

Yafaa kueleza maji yenyewe. Juu ya nyumba hizo mbili kuna tuta la bwawa. Si bwawa la kutajwa redioni. Ni udongo ulioshindiliwa kuziba bonde dogo, kazi ya wazazi wetu, kwa majembe na mikokoteni, ili ng'ombe wanywe na bustani zisikauke. Nyumba ya Mama Bata iko kando, kwenye mwinuko. Nyumba ya dobi iko chini kabisa, imelipa tuta mgongo, na nyuma yake, mguuni pa tuta, panavuja.

Mwanzo zilikuwa nyasi tu zilizokataa kukauka kiangazi. Kisha pakaanza kulowa, kisha pakatoka maji. Mtu mwingine angepiga yowe. Dobi alichomeka kipande cha bati pakawa na mfereji, akamwita fundi akajengewa sinki la saruji chini yake, na akaanza kazi. Yalikuwa maji safi, yanatoa povu upesi, hayana foleni. Maji hayo ndiyo yaliyomtoa kwenye kufulia watu majumbani mwao, mwenye nyumba kasimama nyuma yake akihesabu soksi, yakamfanya mtu mwenye kamba zake, pasi zake na mlango wake. Alianza na mashati ya majirani, akapanda hadi mashuka ya gesti iliyo barabara kuu. Sasa meneja wa gesti, mwanamume mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa amerudisha furushi zima na salamu: wageni wanauliza kama kitandani tayari amelala mtu.

Kuhusu kuvuja huko, sisi wote tulikuwa na amani. Mwaka jana, kiangazi, alikuja mhandisi wa maji kutoka wilayani, msichana mwenye buti za mpira na maneno machache. Alitembea juu ya tuta, akasema miti iliyoota pale iondolewe. Akafika kwenye mfereji wa dobi, akakinga glasi, akaiinua juani, akasema: "Tuta la udongo kuvuja kidogo si ugonjwa." Maneno hayo tuliyapokea kama cheti cha afya. Mwenyekiti wa bwawa aliyarudia kwenye mikutano, kwenye harusi, na mara moja hata msibani, pasipo mtu kumuuliza. Mhandisi aliendelea kusema baada ya hapo, lakini Mwenyekiti alikuwa keshaagiza soda, na sisi ni watu ambao daktari akishasema hatuumwi tunaanza kutafuta viatu.

"Sikiliza," alisema Mama Bata, akaweka bakuli chini. Ilikuwa dalili mbaya. Mama Bata akiweka kitu chini huwa anataka mikono yote miwili. "Kesho bata wote nawafungia ndani. Siyo bandani, maana utasema banda lina tundu. Sebuleni kwangu, juu ya zulia. Wewe kinga maji yako asubuhi mbele ya watu. Yakiwa masafi, nawachinja wote na firigisi unakula wewe. Yakiwa machafu, unakuja hapa mbele ya hawa wapita njia wasio na kazi, unaomba radhi."

"Nikuombe radhi wewe?"

"Mimi nina shida gani? Bata."

Asubuhi iliyofuata tulikuwepo wote. Mlango wa Mama Bata ulikuwa wazi ili kila mwenye shaka achungulie, na waliochungulia waliripoti kwamba bata wapo, mmoja kapanda kochi na anawatazama wageni kama mwenye nyumba. Mama Bata alivaa gauni lake la kwendea sherehe.

Dobi alitoka na beseni jeupe, akaliweka chini ya bati, akasogea pembeni.

Maji yaliingia na kelele. Hilo ndilo tuliloliona kwanza, kwamba yalikuwa mengi kuliko kawaida. Siku nyingine ungesikia mtiririko tu. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyotiwa maziwa kwa uchoyo. Beseni lilipojaa alilivuta kando, na sote tukaona udongo ukitulia chini, mwekundu, laini kama unga uliochekechwa.

"Haya!" Mama Bata alifungua mikono. "Bata wangu wako kwenye kochi. Nani kachafua? Kuku? Kaka yangu kule aliko na lori lake? Semeni, maana mimi nimeitwa mchafu mbele ya ukoo!"

Tulicheka. Mtu mmoja alipiga makofi. Dobi hakucheka wala hakubisha. Aliingiza kidole ndani ya beseni, akachota udongo kidogo, akausugua kati ya vidole, kisha akakaa kwenye ukingo wa sinki. Mtu aliyeshindwa ugomvi tunaujua uso wake, tumeuona mara nyingi. Huu haukuwa huo.

Mama Bata aliuona pia. Alipita kwenye pengo la ua, akashusha sauti.

"Wifi. Nilikuwa natania. Acha kuomba radhi, bata wenyewe hawatakuelewa."

"Nilikuwa naomba wawe bata," alisema dobi.

"Maana yake?"

"Siku zote hizi naomba Mungu wawe bata."

Ndipo akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza sabuni. Siku ile ya soda yeye hakuwakimbilia wenzake. Alibaki na mhandisi kwa sababu alitaka kujua kama atamzibia maji yake. Mhandisi akamwambia: yakitoka masafi ni maji tu yanapita, angalieni kila siku. Lakini yakitoka na udongo, na huku nje hakuna aliyeyachafua, basi udongo huo unatoka ndani ya tuta. Maji yanalitafuna, yanatoboa njia ndani kwa ndani, kutoka huku chini kurudi kule liliko bwawa.

"Na njia ikifika bwawani?" Mama Bata aliuliza.

Dobi alitazama nyumba yake. Mama Bata naye akaitazama. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na kitanda kilionekana, kimetandikwa vizuri.

"Alisema ufanye nini?"

"Nimpigie. Alinipa namba."

"Unayo?"

Dobi alitoa simu kwenye mfuko wa aproni, akaipekua, akampa. Mama Bata alisoma kioo, akakisogeza mbali na macho, akasoma tena.

"Wifi. Mhandisi wa wilaya umemwandika 'Usipige'?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikipiga, bwawa litashushwa. Likishushwa, haya maji yanakatika. Wakilifungua tuta na kulijenga upya, hayarudi tena." Alisugua kidole kwenye aproni. "Nina mashuka ya gesti, nina sare za shule, nina mapazia ya watu. Nitayafulia mate?"

"Na likibomoka?"

"Ndiyo maana nikasema bata."

Mama Bata aliifuta simu kwa upindo wa gauni lake. Akamrudishia simu. "Piga."

"Twende kwanza kwa Mwenyekiti," alisema dobi. Sote tulielewa anakwenda kutafuta nini. Kama kuna mtu mmoja katika eneo zima atakayekwambia kwamba tuta ni zima, ni yule.

Walipanda tutani, nasi nyuma. Mvua zilikuwa nzuri msimu ule na bwawa lilijaa hadi karibu na kilele; ungeweza kuchuchumaa juu ya tuta na kunawa uso. Pembeni, mwisho wa tuta, kuna pengo lililojengewa mawe, ndilo la kutolea maji yakizidi. Pengo hilo Mwenyekiti alilitandia wavu tangu alipopandikiza samaki, ili wasiondoke na mafuriko. Wavu ulizuia samaki kweli. Ulizuia pia majani, mabua ya mahindi, dumu la mafuta, kandambili ya mguu wa kushoto na kila kilichoshuka na mvua, mpaka ukageuka ukuta. Na upande mkavu wa tuta, juu kidogo ya paa la dobi, palikuwa na mahali pamebonyea, kama godoro alipoamka mtu mnene.

Mwenyekiti alikuwa anawatupia samaki makapi. Ujanani alikuwa kondakta wa basi, na mpaka leo haongei na mtu bila kumpanga. "Sogeeni, sogeeni, msijazane upande mmoja," alisema, kisha akasikiliza habari yote akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza abiria aliyepitilizwa kituo.

"Kuvuja si ugonjwa," alisema walipomaliza.

"Kuvuja tope," alisema Mama Bata.

"Tope ni udongo na maji. Tuta ni udongo, bwawa ni maji. Mlitaka kitoke nini, sharubati?" Alifurahia jibu lake, akangoja tulifurahie. Kisha akawa mwema. "Haya, tuseme mna wasiwasi. Nina mifuko ya saruji nyumbani. Tunashuka, tunaziba tundu, mchana kila mtu kwake. Samaki wanabaki, bwawa linabaki, nyumba ya shemeji yangu haipati unyevu."

"Na mimi nafulia wapi?" dobi aliuliza.

"Unapanda unachota. Bwawa lote hili hapa! Utakatazwa na nani?"

Lilikuwa jibu zuri, lazima tuseme. Tulilitafuna pale pale na wengi walilimeza. Dobi angepanda na kushuka na ndoo, mgongo ungemuuma, lakini kamba zingebaki zake na mlango ungebaki wake. Hakuna ambaye angepoteza kitu. Mwenyekiti alikuwa keshageuka kwenda kuchukua saruji, na wawili kati yetu walikuwa wanamfuata kumsaidia kubeba.

Dobi alisimama akitazama pale palipobonyea. Mama Bata alikuwa anamtazama yeye. Upepo uliyasukuma maji kidogo yakalamba ukingo wa tuta.

Dobi akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Halo," alisema Usipige.

"Mimi dobi wa chini ya tuta."

"Nakukumbuka. Maji yana rangi gani?" Hakuuliza hali.

"Chai ya maziwa."

"Mengi kuliko jana?"

"Ndiyo."

Upande wa pili zikasikika funguo zikiokotwa mezani.

"Kuna anayetaka kuziba?"

"Kaenda kuleta saruji."

"Mrudisheni. Ukiyaziba huko chini hujayasimamisha, unayatafutia pengine, na hapo pengine yatatoka kwa hasira. Sikilizeni. Kwanza, nyumba zilizo chini ya tuta zihame. Sasa, kabla hamjagusa kitu."

"Nyumba ni moja," alisema dobi.

"Basi hiyo moja. Baada ya hapo, ondoeni wavu, yule mzee nilimwambia autoe, najua hakuutoa. Fungueni koki ya bomba la chini, lile lililopita ndani ya tuta, maji yapungue leo leo. Panapotoka tope mwageni mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Na mtu mmoja akae mbali anaangalia tuta. Akiona linabonyea zaidi, wote mnatoka mbio. Niko njiani."

Mwenyekiti alikuwa amerudi nusu ya njia na kusikia mwisho wake. "Na samaki wangu?" aliuliza, akiielekea simu.

"Na watu wako?" simu ikamjibu, ikakatika.

Kilichofuata kilikuwa kazi, na kazi haina mengi ya kusimulia. Tulitoa vitu vya dobi: godoro, meza, pasi, masufuria, kamba na vibanio vyake, mafurushi ya watu yenye majina kwenye vipande vya kitambaa. Vyote vikapangwa kando ya barabara. Mwenyekiti, tumpe haki yake, hakumtuma mtu kwenye wavu. Aliingia mwenyewe majini hadi kifuani na kisu mdomoni, kwa kuwa mafundo aliyafunga yeye na hakuna mwingine aliyeyajua. Wavu ulipoachia, taka zilishuka kwa kishindo na maji yakafuata, na ndani ya maji migongo inayong'aa. "Sogeeni, sogeeni," tulimsikia akisema, na safari hii aliwaambia samaki.

Koki ilikuwa haijaguswa miaka. Ilimwagiwa mafuta ya kupikia, ikatukanwa, ikapigwa nyundo kidogo, mwishowe ikakubali. Bomba lilikohoa tope jeusi, likatema chura mzima, kisha likafungulia maji kuelekea korongoni. Mchanga na kokoto tulivichukua kwenye kiwanja cha jirani mmoja anayejenga akiwa ughaibuni. Mchango wake ataujua akirudi. Tulibeba kwa mabeseni ya dobi. Yeye mwenyewe alikuwa mbele, anapanga mawe, gauni limelowa hadi kiunoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Mchana ulipogeuka, maji yaliyopita kwenye kokoto yalianza kutoka masafi. Dobi aliyakinga kwa kiganja akayatazama. Yalikuwa kama yale ya zamani kabisa. Akafua aproni yake, ile iliyojaa tope, akaikamua, akaianika juu ya jiwe. Baada ya hapo maji yalianza kupungua. Yakawa uzi, yakawa matone, na jua lilipoanza kushuka bati lilikuwa linakauka kuanzia ncha.

Mhandisi alifika na pikipiki, buti zile zile. Alikagua tuta lote, akachoma fimbo hapa na pale, akasema tumefanya vizuri na tuendelee kushusha maji. Tuta litakatwa pale palipoliwa, litajazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa upya. Si kazi ya leo wala kesho. Mpaka iishe, mtu asilale kwenye nyumba ile.

Dobi alikuwa na swali moja. "Ukishalitengeneza, litavuja tena?"

"Nikilitengeneza vizuri, halitavuja."

"Na ukilitengeneza vibaya?"

Tulicheka, mhandisi naye akacheka. Dobi hakuwa anatania, na kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Mhandisi alisema inaweza kutazamwa habari ya kisima, baadaye, bajeti ikiruhusu. Alisema kwa adabu, akitazama buti zake.

Watu wakaanza kutawanyika. Dobi alikaa juu ya furushi la mashuka ya gesti, kando ya barabara, akampigia meneja aje kuchukua nguo zake kama zilivyo, chafu. Meneja alibembeleza, kisha akaacha kubembeleza. Kila aliyepita alimwambia "karibu kwangu", na dobi alisema "asante" kwa kila mmoja, na kila mmoja akaendelea na safari. Mama Bata hatukumwona tangu mawe ya mwisho. Baadhi yetu, na majina tunayo, tulianza kunong'onezana kwamba kumbe yale ya asubuhi hayajamtoka, na kwamba mtu aliyeitiwa bata wake wachafu hasahau siku moja.

Alitoka jioni, amebadili gauni, kajifunga kitambaa kichwani, uso unang'aa kwa jasho la jikoni. Alivuka barabara bila kututazama, akainua pasi moja kwa mkono huu na moja kwa mkono ule.

"Wifi, mbona umekaa hapo kama mzigo uliosahauliwa na basi?"

"Nafikiri," alisema dobi.

"Unafikiri nini?"

"Kesho nitaamka nifanye nini."

"Kesho utaamka kwangu. Mengine sijui, na wewe hujui, na hawa wanaotusikiliza wanajua kuliko sisi, tutawauliza." Akageuka na pasi zake, akafika nusu ya njia, akasimama kwa kuwa hakusikia hatua nyuma yake.

"Sina hata cha kushika mkononi niingie nacho," dobi alisema.

"Shika sufuria zako. Kaka yangu akipiga simu nimwambieje, mkewe yuko barabarani? Nimepika kwa ajili ya watu, siyo mtu mmoja." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi tusogee kuisikia: "Njoo ndani, wifi. Njoo ule, chakula kinapoa."